Imekukwaruza Wapi? Mwongozo wa kutaja kitu kikali, cha kushtua au kisichopatana

Siku moja nilisukuma pikipiki yangu hadi kwa fundi wa kando ya barabara mjini Tabora, nikamwambia, "Inapiga kelele." Akaniuliza, "Kelele gani, kaka?" Nikamjibu, "Kelele mbaya." Alinitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu asichokiona. Kisha akabadilisha beringi ya gurudumu la nyuma. Nikalipa, nikawasha, nikaondoka, na kelele nikaondoka nayo. Kesho yake mzee mmoja aliyekuwa amekaa kivulini aliniambia nizungushe gurudumu kwa mkono. Akatega sikio. "Hii haisagi, mwanangu. Hii inakwaruza." Kifuniko cha cheni kilikuwa kimepinda kidogo, kinagusa cheni. Tulikinyoosha kwa dakika 5.

Mwongozo huu ni wako kama kuna siku utasimama mbele ya mtu anayesubiri maelezo yako ili afanye jambo: fundi, daktari, mtendaji wa kata, mwalimu anayesahihisha insha, msikilizaji wa redio asiyekiona unachokiona wewe. Kosa langu lilikuwa la lugha, na nililipa kwa fedha.

Kwa nini "kali" na "mbaya" hazitoshi

Wapagazi wa karne ya 19 waliotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, eneo la Tabora, walipita pori walilolipa jina la Mgunda Mkali. Lilianza baada ya Ugogo, likaishia Tura, mahali ambapo leo pako katika wilaya ya Uyui. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walilipita mwaka 1857, wakafika Kazeh, yaani Tabora, mwezi Novemba, zaidi ya miezi 4 tangu waondoke pwani. Mgunda ni shamba. Lakini shamba hilo lilikuwa kali kwa lipi? Si kwa ladha, wala si kwa makali ya kisu. Lilikuwa kali kwa kiu, jua, vichaka visivyo na vijiji na chakula kisichopatikana. Mpagazi hakuhitaji kuelezwa, kwa sababu wenzake wote walibeba mzigo njia ile ile. Wewe na fundi wako hamkusafiri pamoja. Ukimwambia "kali" atakisia, na kukisia kuna gharama.

Kiswahili hakina neno moja linalobeba kila kitu kinachoparuza, kinachogutusha au kisichoingiana na vingine. Kina maneno mengi, na kila moja lina kiungo chake cha mwili. Hiyo ndiyo siri yote ya mwongozo huu: kabla ya kutafuta neno, tafuta mahali kitu kilipokugonga.

Hatua za kufuata

1. Futa "mbaya", "vibaya" na "kero" katika sentensi yako ya kwanza. Unaweza kuzirudisha baadaye zikibaki na kazi.
2. Jiulize kitu hicho kimekupata wapi: sikioni, ulimini, kooni, kwenye ngozi, machoni au moyoni.
3. Jiulize kimekuja ghafla au kinaendelea. Cha ghafla kinashtua, kinachoendelea kinakera. Watu wengi huchanganya hapa.
4. Jiulize kama kitu chenyewe kina kasoro, au ni kizuri ila kimewekwa pasipo pake.
5. Anza na neno dogo linalotosha. Ukianza na kubwa, hutakuwa na pa kupandia.

Sikio

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo watu wanapoharibu zaidi.

Kitu kizito kikianguka hutoa *kishindo*. Ngoma *hurindima*. Radi, simba na injini ya lori *hunguruma*. Nyuki na upepo *huvuma*; ukiweka sikio kwenye mzinga wa gogo huko Sikonge, utakachosikia ni mvumo, na mwandishi anayeandika kwamba nyuki "walinguruma" hajawahi kukaa karibu na mzinga. Majani makavu ya miombo *huchakacha* yakikanyagwa. Chuma juu ya chuma *hukwaruza*. Vitu viwili vigumu vyenye kitu kidogo katikati yake *husaga*. Mtu aliyepatwa na hatari hupiga *yowe*, au *ukemi* wa kuomba msaada. *Zogo* ni sauti za watu wengi wasioelewana, na zikichanganyika na mbio au kusukumana huwa *vurumai*.

Kwa fundi, maneno haya ni nusu ya kazi:

- *Inasaga*: mara nyingi beringi, au breki iliyokwisha hadi chuma.
- *Inakwaruza*: kitu kimepinda kinagusa kingine.
- *Inagonga*: sauti yenye mapigo, ndani ya injini au penye bolti iliyolegea. Hii usiendelee kuiendesha.
- *Inapiga mluzi*: mkanda, au breki ikishikwa.
- *Inakatakata*: si sauti hasa, ni nguvu inayopotea na kurudi. Mwambie pia inatokea ukiwa mwendo gani.

Na jambo moja zaidi kuhusu sikio, ambalo mafundi hawalihitaji lakini waandishi wanalihitaji sana: neno la sauti huonyesha umesimama upande gani. Misafara ya zamani ilikuwa na makelele mengi. Kirangozi alitangulia, *baragumu*, pembe ya tandala, ilipulizwa, ngoma zilipigwa. Waliobeba pembe za ndovu walifunga kengele ya ng'ombe kwenye ncha ya pembe, na msafara ulipokaribia mji bunduki zilifyatuliwa hewani. Kwa mpagazi Mnyamwezi anayerudi nyumbani, yote hayo yalikuwa vifijo: *tumefika*. Lakini njia hiyo hiyo ilipitisha watu waliofungwa minyororo kuelekea pwani. Kwa mama aliyekuwa shambani na watoto wake, baragumu ile ile ilimgutusha akakimbilia porini. Ukiandika "shangwe za msafara zilisikika", umeshachagua masikio ya nani utayatumia. Huenda umechagua vyema. Ila ujue umechagua.

Vivyo hivyo kwa mlio wa treni. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo mji huu unaishi na honi usiku. Kwa mgeni wa nyumba ya kulala wageni iliyo karibu na stesheni, ile ni sauti ya kukatisha usingizi. Mwenyeji hata hageuki kitandani.

Ulimi, meno na koo

Mtu akila embe bichi anasema "chungu", akila ndizi mbichi anasema "chungu", akimeza dawa anasema "chungu". Moja tu ndiyo chungu.

*Uchungu* ni wa shubiri na dawa ya malaria. *Uchachu* ni wa ukwaju na embe bichi, na ukizidi hutia *meno ganzi*. *Ukakasi* ni ile hali ya ndizi mbichi au bibo lisiloiva, ulimi ukakauka na kukunjamana kana kwamba umepakwa vumbi. *Ukali* ni wa pilipili. Chakula kitamu kupita kiasi au chenye mafuta mengi hakina lolote kati ya hayo, lakini *kinakinaisha*. Dagaa wa Kigoma wasiooshwa vizuri nao wana tatizo ambalo si la ladha hata kidogo: mchanga wao *unakwaruza meno*.

Ukakasi umetoka mdomoni ukaingia bungeni na magazetini. Siku hizi mkataba una ukakasi, kauli ina ukakasi. Neno limefaa kwa sababu linasema jambo mahususi: halijawa uovu wala uongo, ila halimezeki vizuri. Litumie kwa maana hiyo tu. Wizi wa fedha za umma hauna ukakasi, ni wizi.

Koo linahitaji uangalifu kwa sababu utalieleza kwa daktari. Mkoa wa Tabora unalima tumbaku, na wanaofanya kazi kwenye mabani ya kukaushia wanaijua tofauti hii kuliko madaktari wengi: vumbi la tumbaku *hukereketa* koo, likataka kukohoa kila mara, moshi *humpalia* mtu, pumzi ikakatika, pilipili *huwasha*, kiungulia *huchoma* kutoka kifuani kwenda juu. Tumbo nalo *husokota*, *hunyonga*, *huunguruma* au *hujaa*. Kila neno linamwelekeza daktari njia tofauti.

> Onyo. Maneno ni ya kumsaidia daktari, si ya kuchelewesha safari. Mtu ambaye pumzi inambana, anatapika damu au amepoteza fahamu apelekwe hospitali. Maelezo mengine yatatolewa huko huko.

Jicho na ngozi, kwa ufupi

Mwanga *huchoma* macho au *hutia kiwi*. Rangi mbili zinazogombana kwenye vazi moja *haziendani*. Jua la saa 7 mchana ni la *utosi*. Ngozi iliyoguswa na upupu *inawasha*. Iliyoguswa na miiba *imeparuzwa* au *imechanwa*, kutegemea damu imetoka kiasi gani. Kitambaa cha gunia ni *kikavu na kinaparuza*. Hapa watu hawakosei sana, kwa hiyo tuendelee.

Moyo: kinachoshtua

Kushtuka kuna ngazi, na ngazi hizo zina majina. Mtu *hugutuka* akiitwa ghafla au akiamshwa usingizini. *Hushtuka* akikanyaga kitu kinachojongea. *Hutaharuki* akisikia moto umeshika nyumba ya jirani, akaanza kukimbia huku na huku. *Hupigwa na butwaa* akisimama bila kujua la kufanya. *Hufadhaika* wakati mshtuko wenyewe umepita lakini akili haijatulia. Mwanafunzi anayeandika "alishtuka sana" mara 4 katika insha moja ana maneno 4 bora zaidi yanayomsubiri hapo juu.

Kabla hujamfikishia mtu habari ya kushtua, hasa ya msiba, fuata mpangilio huu:

1. Hakikisha habari ni ya kweli, na kwamba wenye msiba wameruhusu isambae. Usiitume kwenye kundi la simu kabla ya ndugu wa karibu kujua.
2. Msalimie. Kwa mzee, shikamoo haikosi hata siku hiyo. Kuingia na habari bila salamu kunagutusha kabla ya habari yenyewe.
3. Muulize yuko wapi na yuko na nani. Kama anaendesha, mwambie aegeshe kwanza.
4. Kama ni mzee au mgonjwa, mtafute mtu mzima wa familia amfuate nyumbani. Simu iwe njia ya mwisho.
5. Sema *amefariki* au *ameaga dunia*. "Amekufa" kwa binadamu linakata kama shoka, na watu watalikumbuka.
6. Usijifiche nyuma ya "hali yake si nzuri" wakati mtu ameshazikwa. Hiyo si tafsida. Atapanda basi la usiku akiamini anakwenda kumuuguza.

Historia nayo inahitaji uangalifu kama huo. Januari 1893 mtemi Isike wa Unyanyembe, akiwa amezingirwa na Wajerumani ndani ya ngome yake, alilipua ghala la baruti. Waandishi chipukizi hujaza tukio hili kwa "mlipuko wa kutisha, wa ajabu, wa kuogofya". Jaribu kuandika kwamba alilipua baruti akiwa humo ndani, kisha uweke nukta. Tukio linaposhtua lenyewe, vivumishi vinalipunguza makali.

Tanakali: chumvi ya mkononi

Kiswahili kina maneno yanayoiga sauti au hali, na hakuna njia fupi zaidi ya kumgutusha msomaji. Kanuni ni kwamba kila tanakali ina kitenzi chake na mahali pake. Kitu huanguka *pu* kwenye vumbi, hutumbukia *chubwi* majini, huanguka *tapwi* matopeni. Mlango hugongwa *ngo ngo ngo*. Watu hunyamaza *jii*. Giza huwa *totoro*. Anayelala hulala *fofofo*.

Makosa mawili hujirudia: kuchanganya (kuanguka chubwi kwenye vumbi la Tabora mwezi wa Septemba ni muujiza), na kujaza. Moja kwa aya inatosha. Zikifika 3, hadithi inageuka ya watoto.

Visivyopatana

Kuna vitu ambavyo kila kimoja ni kizuri, ila vikikutana vinaumiza. Watu wasioelewana *hawaivi chungu kimoja*. Wakitofautiana kidogo *wamekwaruzana*; wakirushiana maneno *wamegombana*; wakiachana kabisa *wamefarakana*. Usimwandike jirani kwamba amefarakana na mkewe kwa sababu ulisikia sauti juu ya ukuta. Kauli mbili za shahidi mmoja *zinakinzana*. Ratiba mbili *zinagongana*.

Katika ushairi wa kimapokeo neno ni moja na ni zuri: shairi lisilofuata urari wa vina na mizani huitwa *guni*. Ukitaka kujua kama lako ni guni, hesabu silabi kwa vidole, wala usihesabu herufi. Kosa la kawaida ni kuisahau *m* inayosimama peke yake: *mpagazi* ni mizani 4, m-pa-ga-zi, si 3. Mshororo wa mizani 16 uliopungukiwa na moja huchechemea kama ngoma iliyolegea upande mmoja.

> Maneno ya mtego
>
> *Kali, kutisha, hatari, balaa.* Kijana akikwambia "ngoma ile ni kali" au "dada yule anatisha", anasifu. Mzee akikuambia maneno hayo hayo, kimbia. Ukiandika kwa ajili ya wote wawili, epuka.
>
> *Kelele.* Ni neno la hukumu. Muziki wa jirani ni kelele. Wa harusi ya mwanao ni shamrashamra.
>
> *Kufoka, kubwata, kuropoka.* Anayefoka ana hasira. Anayebwata anapiga makelele hovyo. Anayeropoka huenda hana hasira wala sauti kubwa, ila amesema lisilopaswa kusemwa. Usimshtaki mtu kwa kosa la mwenzake.

Ukali ulioruhusiwa

Mgeni anayefika msibani katika nchi ya Wanyamwezi anaweza kupigwa na butwaa akimwona mtu anamkejeli marehemu, anawatania wafiwa, na hakuna anayekasirika. Huyo ni mtani. Wanyamwezi wana utani na Wazaramo na watu wengine wa ukanda wa pwani, na wengi huuhusisha na safari ndefu za misafara, ambapo wenyeji na wapita njia walihitaji namna ya kuishi bila kugombana. Maneno ya mtani ni makali kwa sura tu. Kwa hiyo kabla hujaandika kwamba fulani "alitukana", uliza: ni mtani wake? Na kama wewe si mtani, usijaribu. Neno lile lile kinywani mwako litakuwa tusi.

Kuandika malalamiko ya kelele

Tanzania ina kanuni za mwaka 2015 za viwango vya udhibiti wa kelele na mitetemo, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kwa hiyo malalamiko yako yana pa kusimamia. Lakini barua inayosema "tunakerwa na kelele mbaya" haimpi afisa kitu cha kupima.

1. Anza kwa mwenye chanzo. Nenda mchana, msalimie, zungumza naye. Salamu njema imemaliza kesi nyingi kabla ya barua.
2. Ikishindikana, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kwa mtendaji wa kata.
3. Andika aina ya sauti, saa inapoanza na kuisha, siku ngapi kwa wiki, umbali, na inachozuia.
4. Peleka nakala kwa afisa mazingira wa manispaa. Taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira nayo hupokea malalamiko ya aina hii.

Linganisha. Kwanza: "Mashine ile ni kero kubwa na inatutesa." Pili: "Mashine ya kusaga huanza kunguruma saa 10 alfajiri kila siku isipokuwa Jumapili. Iko hatua 20 kutoka dirisha la mgonjwa wetu, na kuta za chumba hutetemeka. Tunaomba ianze saa 1 asubuhi." Ya pili haina neno hata moja la hasira. Ndiyo inayomfanya afisa ainuke kitini.

Kabla hujafungua mdomo au hujatuma

☐ Nimetaja kiungo kilichoguswa?
☐ Nimesema ni cha ghafla au kinaendelea?
☐ Kitenzi changu ni cha sauti hii kweli, au nimekiokota tu?
☐ Nimechagua masikio ya nani?
☐ Anayenisikia ni kijana au mzee?
☐ Kuna "sana" ninayoweza kuifuta?

Ukifika kwa fundi na neno limekukataa, usilibuni. Iga sauti yenyewe kwa mdomo. Mafundi wa Tabora wameshasikia watu wazima wakilia kama breki na hawacheki. Mimi sikujua hilo siku ile. Beringi iliyong'olewa ninayo hadi leo kabatini, na ni nzima kabisa.